Shingo nayo iwekewe daftari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji, na hasa na wakuu wa hospitali za Moshi na Arusha, kuhusu jambo ambalo kwa juujuu ni la kiofisi tu lakini kwa nyumba yangu limekuwa la uhai, nalo ni kumbukumbu za wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji wa shingo. Sisemi kama daktari. Nilikuwa karani wa masjala ya hospitali kwa miaka 27, hapa hapa Kilimanjaro, na kazi yangu ilikuwa kutoa mafaili asubuhi na kuyarudisha jioni. Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa kuwa nililolishuhudia huko lingeweza kutokea popote penye rafu zilizofurika na makarani wawili, na kwa kuwa sehemu ya lawama, kama nitakavyoeleza, ni yangu mwenyewe.

Dada yangu mkubwa ni muuza maharage katika soko la Mbuyuni. Tangu ujana wake alikuwa na goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, kama walivyokuwa mama yetu na shangazi zetu, na hakuna aliyeihesabu kuwa ugonjwa, maana wanawake wengi wa rika lake waliozaliwa mlimani walikuwa nayo na waliifunika kwa khanga, basi. Mwaka 2009 upande mmoja ulianza kuwa mgumu na kukua upesi. Akapelekwa hospitali, akaondolewa nusu ya tezi. Nilimsindikiza mimi. Nakumbuka muuguzi akitoka thieta na kichupa cha fomalini, ndani yake kinyama kinachofanana na ini la kuku, na juu yake plasta iliyoandikwa kwa kalamu ya wino jina la mgonjwa na la baba yake, bila namba ya faili. Jina la dada yangu ni la kawaida mno huku kwetu. Ukiliita kwenye foleni ya kliniki wanasimama watatu. Kidonda kilipona vizuri. Aliambiwa kwamba jibu la kinyama likitoka ataitwa. Hakuitwa, naye hakuuliza, na mimi niliyekuwa nikikaa hatua chache tu kutoka kwenye rafu za majibu sikuuliza pia, kwa sababu nilimwona anabeba debe la maharage kichwani kama zamani.

Mwaka 2017 alikanyaga vibaya kizingiti cha jikoni akiwa na sufuria mkononi. Hakuanguka kwa kishindo. Alikaa chini tu, na katika kukaa huko akasikia paja likilia kama kuni kavu. Tukampakia kwenye bajaji, tukampeleka mapokezi ya majeruhi, akaandikishwa kuwa ameumia kwa ajali ya nyumbani. Palikuwa na daktari kijana, bado yuko kwenye mafunzo kwa vitendo, aliyeiinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha na kunionyesha kwamba mfupa ule haukuvunjika tu. Pale ulipovunjika kingo zake zilikuwa zimelika, kama boriti iliyoingiwa na mchwa. Kisha akamwendea dada, akamwamkia, na badala ya kurudia swali la jinsi alivyoanguka aligusa kovu la shingoni kwa kidole akauliza, "Mama, hapa walikutoa nini?" Dada akasema goita. "Na majibu ya kinyama yalisemaje?" Tukatazamana.

Kipande kilichochukuliwa kwenye mfupa wa paja kilionyesha chembe za tezi ya shingo. Alasiri ya siku tuliyopewa jibu hilo nilirudi masjala. Chini ya kaunta yetu palikuwa na katoni ya viatu ambamo tulikuwa tukitupia karatasi zisizo na wenyewe, yaani majibu yenye jina bila namba, yenye namba ambayo faili lake halionekani, au yenye majina mawili kwa mgonjwa mmoja. Nilipekua karibu saa mbili. Jibu la dada yangu lilikuwamo, limepigwa chapa, la tarehe ya wiki tano baada ya upasuaji: saratani ya tezi ya thairoidi, aina ya folikula, iliyopenya kwenye mishipa ya damu. Pembeni palikuwa na muhuri wa kupokelewa, na tarehe iliyojazwa ndani ya muhuri ule ilikuwa kwa mwandiko wangu.

Nimesimulia haya kwa urefu ili msomaji aelewe kwamba ninapotetea utafiti wa kitabibu sitetei kitu cha mbali. Watu wengi, wakiwamo waliosoma, wakisikia neno utafiti huwaza wageni waliovaa makoti meupe, mashine, na damu inayochukuliwa bila maelezo. Mimi nimeishi upande wa pili wa jambo hilo na nasema utafiti huanza pale karani anapoandika namba sahihi kwenye kichupa. Karatasi iliyolala kwenye katoni haikumnyima dada yangu matibabu peke yake. Iliwanyima pia madaktari wa ukanda huu nafasi ya kujua ni wangapi kati ya wenye goita ngumu wana saratani, ya aina gani, na inawarudia baada ya muda gani.

Nieleze ugonjwa wenyewe kwa kadiri nilivyoelezwa na madaktari waliomtibu na kwa kadiri nilivyosoma baadaye. Tezi ya thairoidi iko mbele ya koo, chini ya kikoromeo, ina mbawa mbili, na kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoendesha kasi ya mwili mzima, jambo ambalo tezi haiwezi kulifanya bila madini joto. Udongo wa milimani husafishwa na mvua kwa karne nyingi hadi madini hayo yanakuwa haba, na tezi inayokosa malighafi hutanuka. Ndiyo maana goita ilikuwa nyingi kwa watu wa mlimani, hapa na hata huko Uswisi, ambako daktari Theodor Kocher alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii. Nchi yetu iliagiza chumvi iwekwe madini joto katika miaka ya 1990, na vijana wa leo wenye goita kubwa ni wachache kuliko enzi za mama zetu. Lakini wanawake waliokulia kwenye chumvi ya zamani bado wako hai, wako sokoni na kwenye migomba, na shingo zao hazikurudi nyuma kwa sababu chumvi ilibadilika.

Goita nyingi si saratani, na nisingependa barua hii imtie mtu hofu ya bure. Saratani ikiwamo, aina iliyo nyingi zaidi duniani ni papilari, ambayo kwa kawaida hutambaa hadi kwenye matezi ya jirani shingoni na hutibika vizuri. Ya pili ni folikula, na hii huonekana kwa uwiano mkubwa zaidi mahali palipokosa madini joto; yenyewe hupenda kusafiri kwa njia ya damu, ikatua kwenye mapafu na kwenye mifupa. Ziko nyingine mbili, medula na anaplastiki, ambazo ni nadra, na hiyo ya mwisho huwapata zaidi wazee na huua kwa miezi. Wanawake huugua saratani ya thairoidi takriban mara tatu kuliko wanaume.

Sasa lipo jambo moja kuhusu folikula ambalo kila mtu anayefanya kazi hospitali anapaswa kulishika. Sindano nyembamba ya kunyonya chembe, ambayo ni kipimo kizuri na cha bei nafuu kwa uvimbe wa shingo, haiwezi kutofautisha uvimbe wa folikula usio na madhara na saratani ya folikula, kwa kuwa chembe zake zinafanana. Tofauti huonekana kwenye ganda la uvimbe na kwenye mishipa ya damu, pale mtaalamu wa patholojia anapokikata kinyama kizima vipande vipande na kutazama kama chembe zimetoboa na kutoka nje. Maana yake ni kwamba kwa mgonjwa wa aina hii kichupa cha fomalini ndicho kipimo chenyewe. Kichupa kikipotea, au kisipopelekwa kwa sababu ndugu hawakuwa na fedha ya maabara, au jibu likilala katoni, mgonjwa amefanyiwa upasuaji bila kuchunguzwa. Nimesikia kwa masikio yangu, katika korido, mtu akiambiwa, "Ilikuwa goita tu, hamna haja ya kupima." Ilijulikanaje kuwa ni goita tu?

Labda mtu atasema kwamba wenzetu wa nje wameshafanya tafiti za kutosha, na kazi yetu ni kuchukua majibu yao tu. Nimejaribu kulifikiri hili kwa haki. Korea Kusini, baada ya watu wengi kuanza kupimwa shingo kwa altrasaundi bila kuwa na dalili yoyote, idadi ya wanaoambiwa wana saratani ya thairoidi mwaka 2011 ilikuwa mara 15 ya ile ya mwaka 1993, na idadi ya wanaokufa kwa ugonjwa huo haikubadilika. Vivimbe vidogo ambavyo visingemsumbua mtu maisha yake yote vilikuwa vimegunduliwa na kukatwa. Japani walikuwa wameanza kushuku hivyo mapema. Katika Hospitali ya Kuma mjini Kobe, tangu mwaka 1993, wagonjwa wenye uvimbe wa papilari usiozidi sentimita moja waliruhusiwa kuchagua kufuatiliwa tu bila kisu, na mwaka 2014 walipotoa taarifa ya wagonjwa 1,235 waliofuatiliwa hivyo hakuna hata mmoja aliyekuwa amekufa kwa saratani hiyo. Ufaransa nao mwaka 2022 walichapisha jaribio la wagonjwa 776 wenye hatari ndogo, nusu wakipewa madini joto yenye mionzi, ambayo huua chembe za tezi zilizobaki, baada ya upasuaji na nusu wakiachwa bila kupewa. Baada ya miaka mitatu takriban 96 kati ya kila 100 katika makundi yote mawili hawakuwa na tatizo la kuwarudisha kwenye matibabu.

Hizo ni habari njema, tena za kuokoa fedha. Lakini zinawahusu watu waliowahi. Mkorea anakuja na uvimbe wa ukubwa wa punje ya dengu ulioonekana kwenye mashine. Mama wa Kibosho anakuja na uvimbe wa ukubwa wa embe uliokaa miaka 20, au anakuja na paja lililovunjika. Daktari wetu akiiga ule upole wa Wafaransa kwa mgonjwa kama dada yangu atamuua, na akiiga mashine za Wakorea katika mji wenye wagonjwa wanaouza mbuzi ili walipe kipimo atawafilisi watu wenye afya njema. Ili ajue yupi ni yupi anahitaji hesabu za wagonjwa wa hapa. Hesabu hizo hazitatoka Kobe.

Wala siamini kwamba haiwezekani, kwa sababu kwa majeruhi imewezekana, na hapa hapa Moshi. Tangu mwaka 2013 Hospitali ya KCMC, ikishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, iliweka daftari la wagonjwa walioumia kichwa. Kila aliyeingia aliandikwa: ameumiaje, ameletwa na nini, shinikizo lake la damu lilikuwa kiasi gani, amefungua macho au hakufungua, ametoka vipi. Katika miaka michache walikuwa wamefika zaidi ya 3,000, walio wengi wanaume vijana walioumia katika ajali za barabarani, na kutokana na orodha hiyo kikatengenezwa kikokotoo cha kumsaidia daktari wa mapokezi kukisia nani yuko katika hatari kubwa zaidi. Kikokotoo hicho kimetokana na miili ya watu wa Moshi, Hai, Rombo na Same, walioletwa kwa bodaboda na kwa gari la jirani, kwa saa nyingi barabarani. Hospitali hiyo hiyo ndiyo iliyofanyia majaribio mazungumzo mafupi ya kumshauri majeruhi aliyekuwa amekunywa, yaliyopewa jina la Kiswahili ambalo hata mnywaji wa mbege anaelewa mara moja: Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Mgonjwa anazungumzishwa akiwa bado kitandani, kidonda bado kibichi, kisha anafuatwa na ujumbe kwenye simu.

Naomba msomaji anivumilie kidogo juu ya majeruhi, maana ndiko ninakoona kwa uwazi kabisa kwa nini dawa isiyopimwa ni ya kuogopwa. Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari wa nchi nyingi waliwapa walioumia kichwa dawa za jamii ya steroidi, wakiamini zinapunguza uvimbe wa ubongo. Ilikuwa imani ya watu wema na wasomi. Jaribio lililoitwa CRASH, lililochapishwa mwaka 2004, liliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 10,008, wengine wakapewa dawa na wengine maji yasiyo na dawa. Ndani ya wiki mbili walikufa takriban 21 kati ya kila 100 waliopewa dawa, na 18 kati ya kila 100 wasiopewa. Dawa ilikuwa inaua, na hakuna daktari mmoja ambaye angeweza kuona tofauti ya watu watatu katika mia kwa macho yake wodini. Watafiti wale wale wakarudi na jaribio la pili, safari hii kwa majeruhi wanaovuja damu, wagonjwa 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40, wakipima dawa ya bei ndogo iitwayo asidi ya traneksamiki ambayo Wajapani waliigundua miaka ya 1960. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka asilimia 16 hadi 14.5, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba lazima itolewe ndani ya saa tatu tangu mtu aumie, kwani ikichelewa zaidi ya hapo inaweza hata kudhuru.

Saa tatu, ndugu Mhariri. Mtu aliyegongwa usiku karibu na Njia Panda ya Himo anaokotwa na wasamaria wema, na wapo ambao mpaka leo wanaamini ni lazima wampitishe kwanza kituo cha polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kisha zahanati, kisha hospitali ya wilaya, ndipo aje mjini. Akifika, nani ameandika saa aliyoumia? Bila saa hiyo dawa inayookoa inakuwa kamari. Tunarudi tena kwenye karatasi na kalamu.

Najua hofu iliyopo juu ya kufanyiwa majaribio, na sitaibeza, maana niliwahi kuwa nayo. Miaka michache iliyopita mpwa wangu, dereva wa bodaboda, alivunjika mguu, na katika hospitali moja ya ukanda huu akanijia binti mwenye ubao wa kuandikia akaniamkia, "Shikamoo mjomba," akaeleza kwamba kuna utafiti wa jinsi mifupa iliyotoboa ngozi inavyopona na kwamba angeomba ridhaa. Nilimjibu vibaya. Niliwaza bima, niliwaza polisi, niliwaza huyu kijana anageuzwa panya. Binti hakubishana. Alikaa kwenye benchi, akanisomea karatasi yote kwa Kiswahili cha kawaida, akanionyesha mahali palipoandikwa kwamba akikataa atatibiwa vile vile na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu, kisha akasema angengoja hadi asubuhi maumivu yapungue ili kijana aamue mwenyewe, kwa kuwa ana akili timamu na umri wa kutosha. Asubuhi mpwa wangu alikubali, kwa sahihi yake. Alipimwa kidonda mara kwa mara kwa makini ambayo sikuyaona kwa wagonjwa wengine wodini. Nilichobaki nacho moyoni ni kingine: utafiti uliisha na hakuna aliyerudi kutuambia ulionyesha nini.

Utafiti wa watu nchini hauanzi bila kibali cha kimaadili, ambacho kwa ngazi ya taifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na tangu mwaka 2022 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kinga hizo zipo na ni vyema mgonjwa azijue na azidai. Lakini daftari ninaloliomba halihitaji mtu kumezeshwa dawa mpya wala kuchomwa sindano ya ziada. Ni kufuata tu kile ambacho tayari kilipaswa kufanyika kwa mgonjwa na kukiandika mahali pamoja.

Kwa hiyo naomba hivi. Kila hospitali ya mikoa ya Kilimanjaro na Arusha inayopasua shingo ifungue daftari moja, hata kama ni lile la mistari linalouzwa dukani, lenye namba ya mgonjwa, umri, kijiji alikokulia na si anakoishi sasa tu, muda aliokaa na uvimbe, jibu la sindano, siku ya upasuaji, siku kichupa kilipoondoka, siku jibu liliporudi, na safu ambayo kwa maoni yangu ni ya thamani kuliko zote, ya siku mgonjwa alipoelezwa jibu hilo na jina la aliyemweleza. Safu hiyo ikibaki tupu kwa wiki nane, mtu apige simu. Siku hizi kila mama ana namba, na kama hana, mjukuu wake anayo. Kijiji cha utotoni nimekisisitiza kwa makusudi: mtu aliyekula chumvi ya zamani ya mlimani hadi umri wa miaka 30 ni tofauti na aliyezaliwa mjini baada ya chumvi kubadilika, na wataalamu wanajua kwamba mahali ambapo madini joto yameongezeka uwiano wa folikula hushuka na wa papilari hupanda. Je, kwetu umeshaanza kugeuka? Daftari la miaka mitano lingeweza kuanza kujibu.

Na upande wa majeruhi, kwenye fomu ya mapokezi paongezwe swali moja kwa kila mtu mzima aliyevunjika mfupa mkubwa kwa sababu ndogo: amewahi kuwa na uvimbe au upasuaji wa shingo, titi au tezi dume, na jibu lilikuwa nini? Daktari yule kijana hakuwa na fomu yenye swali hilo. Alikuwa na macho tu, na ilikuwa zamu ya asubuhi, hajachoka. Sipendi kufikiri ingekuwaje kama dada angefika saa tisa usiku siku ya sikukuu. Pengine angewekewa chuma, akarudishwa nyumbani, na mfupa wa pili ungefuata.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Kichupa, fomalini na usafiri wa sampuli ni vitu vya bei ya kawaida vikilinganishwa na safari ya Ocean Road, hospitali ya saratani. Dada yangu aliwekewa chuma pajani, akapasuliwa tena shingo kuondoa nusu iliyobaki, kwa kuwa tezi yenye afya ikibaki huyanyonya madini joto yenye mionzi yote na saratani iliyoko mfupani haipati kitu, kisha akasafiri zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam kuyapokea, akakaa chumba cha peke yake siku kadhaa akizungumza nasi kwa simu kutoka ndani. Mambo hayo yangefanyika mwaka 2009 au 2010, wakati paja lilikuwa zima na sauti yake ilikuwa na nguvu. Upasuaji wa pili ulipita kwenye makovu ya ule wa kwanza na mshipa wa fahamu wa sauti uliguswa. Sasa hunong'ona, na wateja wa Mbuyuni wanainama kumsikia bei. Kila asubuhi anameza kidonge cha homoni ya thairoidi kabla ya chai, na atakimeza maisha yake yote. Hupimwa damu kuangalia protini inayotengenezwa na chembe za tezi, ambayo ikipanda ni dalili kwamba saratani imeamka mahali. Kipimo cha mwisho kilikuwa chini. Jibu hilo alilidai mwenyewe dirishani, kwa kunong'ona, akasimama pale na fimbo yake mpaka alipopewa karatasi mkononi.

Kama kuna mganga mkuu atakayekubali kuanza, mimi nipo Pasua na nina muda. Nitachora safu za daftari la kwanza kwa rula, bila malipo, na nitakaa na makarani wake wiki mbili za mwanzo.

Wako,
Karani mstaafu wa masjala ya hospitali,
Moshi